Kaa Naye

Mimi ndiye niliyeandika mwenendo wa shauri,
baraza la kata, Kitangari, siku ya Jumatano,
kalamu ikigoma kila mstari wa tatu.
Mdai: Dismas Litaunga, aliyerudi.
Mdaiwa: Skolastika Nandonde, ambaye hakwenda popote.
Kielelezo namba moja kimelala chini ya benchi,
kinajilamba unyayo.

Dismas alivuka Ruvuma msimu wa salfa,
mikorosho ina unga hadi kope,
akafuata mawe mekundu Montepuez.
Alfajiri ile alipita kwa jirani, kamba mkononi,
akasema neno, akaenda.
Neno lenyewe wote wawili wanalikubali:
Kaa naye.

Basi hapo ndipo ugomvi ulipo.

Kaa naye, asema Dismas,
ni kama mtu kukuachia baiskeli akiingia dukani;
huipandi ukaenda nayo Masasi.

Kaa naye, asema Skolastika,
ndivyo mama alivyoniambia siku ya ndoa.
Nikakaa naye miaka thelathini na mmoja,
nikamzika. Hakuna aliyekuja kumdai.

Watu wakacheka.
Mwenyekiti akagonga meza kwa chupa ya soda.

Mbwa naye ana majina mawili.
Kwa Dismas aliitwa Watasema:
unamwita mbwa, jirani anaitika moyoni.
Skolastika alichoka kupaza Watasema kila magharibi
mbele ya watu ambao kweli walikuwa wanasema
(mjane, mbwa, mlango mmoja),
akamwita Bakisha,
kwa ajili ya sufuria.

Kijana mmoja dirishani akashauri wamwite wote wawili,
tuone atakwenda kwa nani.
Mzee Nampunju, aliyekunja kanzu magotini asiguswe,
akakataa: atashinda mwenye mnofu mfukoni.
Lakini Dismas alikohoa,
kikohozi kipya, cha vumbi, alichorudi nacho,
mbwa akainua kichwa, akamtazama kwa muda,
kisha akakilaza tena.
Hilo sikuliandika.

Niliandika pumba, debe kumi na nne.
Sindano ya kichaa cha mbwa, kadi ipo, imelowa.
Sikio la kushoto, nusu.
"Nilimwacha na masikio mawili," Dismas akasema,
na sauti ikamkatikia pale, mtu mzima yule.
"Na mimi nililala na magunia tisa uani," akajibu Skolastika.
"Wezi wakaja na mapanga. Asubuhi yalikuwa tisa."

Kalamu ikagoma. Nikaitikisa.

Mimi niliachwa Nanyamba, kwa mama mdogo,
nikiwa na miaka minne na gauni moja.
Sijui ni neno gani lilisemwa mlangoni.
Nilipofuatwa nilikuwa na kumi na mmoja,
namwita mama yule aliyenichana nywele,
na aliyekuja na nauli nikamwamkia kama mgeni.
Alilia njia nzima hadi Newala.
Mama mdogo hakulia, alifunga sanduku la bati,
akalifungua, akaongeza sabuni, akalifunga.
Hakuna aliyeandika mwenendo.

Saa tisa mwenyekiti akatoa uamuzi:
shauri liahirishwe hadi baada ya mnada wa pili,
mdai akipata fedha alipie pumba,
na kwa sasa mbwa akae…
akasita, akalitema neno,
akatafuta jingine mezani, kwenye dari, kwenye saa ya ukutani.
"Kwa sasa mbwa abaki alipo."

Nikaandika hivyo hivyo. Abaki alipo.

Wakatoka. Dismas kwa barabara ya sokoni,
Skolastika kwa kijia cha kisimani, ndoo kichwani,
maana maji ya Kitangari hayasubiri kesi.
Hakuna aliyegeuka, kila mmoja
akiogopa kuonekana anaita.

Nikakusanya karatasi, nikafunga dirisha.
Mbwa alikuwa kizingitini, nusu ndani, nusu nje,
sikio zima limeelekea huku, lile lililokatwa kule.
Ofisi hufungwa saa tisa na nusu.
Nikasimama na funguo.
Nikasubiri.