Kijiko cha Mkaguzi

Mkaguzi ameingia Kajaani na theluji viatuni,
jalada kifuani, kalamu mbili, moja haiandiki.
Raili Kemppainen. Anapima upana wa milango,
joto la maji ya kuogea, tarehe kwenye chupa za dawa.
Anauliza: nani amefunzwa kumwinua mtu
bila kuuvunja mgongo, wake au wa huyo mtu?
Tunanyoosha mikono kama watoto wa shule.

Jana tulilishana uji, macho yamefungwa vitambaa.
Ndilo somo la saba. Tuomas alikuwa na haraka,
uji ukanimwagikia kidevuni, nikaona aibu
ambayo kitabu cha mafunzo hakina.
Tangu hapo najua:
mdomo ndio mwenye nyumba, kijiko kipige hodi.

Mchana mkaguzi ameketi ubavuni mwa Bi Hilja,
mkata tiketi wa treni zamani,
aliyepotewa na jina la bintiye
ila si majina ya stesheni, zote, hadi Iisalmi.
Anazitaja. Kalamu imelala.

Kisha Raili ananigeukia, sauti chini:
"Nina miaka sitini na mitatu.
Nilishe."

Fomu haina kisanduku cha hilo.
Nachota. Napuliza. Napiga hodi.
Anafungua.

Jioni, matokeo: mlango wa bafu umepungua sentimita mbili.
Tuutanue kabla barafu haijayeyuka ziwani,
cheti kitafuata.
Bakuli lake ameliosha mwenyewe.