Mizani ya Mwani

Duka letu lilikuwa na droo mia mbili na kumi na mbili.
Mwani ulikaa safu ya chini kabisa, karibu na sakafu,
kwa sababu, alisema mjomba Tingyu,
kitu cha baharini hakipandi juu ya kitu cha mlimani.
Hakueleza zaidi. Mjomba hakuwa mtu wa kueleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoivuta droo ile:
nyuzi nyeusi, zimejikunja kama sweta lililofumuliwa,
na chumvi imeganda juu yake.
Nikanusa. Guizhou yote haina harufu hiyo.
Kwetu kuna mvua, makaa, pilipili zinazokauka darini,
na milima inayopokezana wingu moja kutwa nzima.
Bahari ilikuwa ukurasa wa kitabu cha shule,
wa buluu, wino wake umechuja.

Wenye rovu walikuja siku ya gulio.
Hawakusema wanaumwa nini. Walifungua kitambaa tu.
Pan Xiuhe alilificha la kwake kwa skafu ya kijani,
hata mwezi wa saba, jua likiwaka.
Alipomeza mate lilipanda, likashuka,
kama mtu aliyefungiwa ndani, anatafuta dirisha.

Mjomba akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wake,
akafumba macho kwa muda wa kuchemsha yai.
"Mwani, qian nne. Mwani mpana, qian tatu."
Nikapima kwa mizani ya fimbo,
ile ya ufito wa mfupa na kisahani cha shaba.
"Na urukususu?" nikauliza,
maana urukususu haukosi katika dawa,
kama jirani asiyekosa harusi.

Mkono wa mjomba ukasimama hewani.
"Mwani na urukususu hawalali chungu kimoja.
Mwiko huo una mashairi yake. Utayakariri."
Akatazama shingo ya Xiuhe. Akatazama mlango.
"Lakini wapo waliowalaza. Wachache."
Akanipa kipande, chembamba kama ukucha.
Ufito ukainama kidogo, ukatulia.
Hadi leo sijui kama ulikuwa ujasiri
au alikuwa amechoka kuona skafu ile.

"Uoshe chumvi kabla ya kuchemsha," nikamwambia Xiuhe.
"Yote?"
"Yote."
"Mbona unanivua bahari kabla sijaivaa?"
Kisha, kwa sauti ya chini: "Inafananaje?"
Mimi, ambaye sikuwahi kuvuka Kaili, nikamdanganya:
"Kama bonde letu alfajiri, likijaa ukungu.
Ila ukungu wenye uzito."
Akaridhika. Akalipa kwa mayai.

Miezi minne alichemsha, maji vikombe vitano yabaki viwili.
Rovu lilipungua. Halikuisha.
Skafu aliivua mwezi wa kumi na moja,
baridi inauma, watu wote wamejifunga shingo.

Baadaye ikaja chumvi ya pakiti, yenye madini joto,
kwa lori la serikali,
na watoto wakakua na shingo zao wenyewe.
Droo ya chini ikafunguliwa mara mbili kwa mwaka,
kisha ikakwama. Hakuna aliyeipiga teke.

Nina miaka hamsini na mmoja. Mpwa wangu ameolewa Shandong,
ndipo nikafika ufukweni, viatu mkononi.
Kitu cha rangi ya chai kilikuwa kinaelea,
kimejaa vifuko vidogo, kila kimoja kimezuia pumzi.
"Nini hiki?" nikamuuliza mama aliyekuwa anakivuta kwa reki.
Alinicheka. Miaka arobaini naupima, sikuutambua ukiwa hai.

Xiuhe hayupo wa kuambiwa.
Lakini nilikudanganya, dada. Haifanani na ukungu hata kidogo.
Nimeikalia tangu asubuhi, nikiitazama.
Inapanda. Inashuka.
Ni koo lako, ukimeza.