Aproni ya Risasi

Daktari Candiru alinivisha aproni
nzito kama gunia la muhogo mbichi.
"Usiogope, mzee. Ndani yake ni risasi."
Nikacheka mpaka jino likanikemea.
Mwaka ule tulipovuka kwenda Ariwara, miguu mitupu,
risasi ndiyo tuliyoikimbia;
leo, hapa Arua, kwenye kiti cha kulalia,
nafunikwa kwayo kifua ili niwe salama.

"Ng'ata hapa. Tulia."
Akatoka, akafunga mlango.
Hilo nililitia akilini: mwenye mashine hukimbia,
mwenye jino hubaki.
Jenereta ya uani ikakohoa,
kisha mlio mmoja, mfupi kuliko kupepesa jicho.

Nikamuuliza: nirudie lini?
Maana yule wa karibu na soko
kila nilipofumbua kinywa alipiga,
Machi, Juni, Septemba,
shilingi elfu thelathini kila eksirei,
utadhani meno yangu yanagombea ubunge.

Hakucheka.
Alizipanga picha zangu za zamani mezani kama karata.
"Machi hii. Juni hii. Nionyeshe tofauti."
Nikakodoa. Mizizi ile ile, myeupe,
kama miguu ya kuku kwenye mchuzi.
"Hakuna kilichosogea ila pesa yako.
Kalenda haina meno, mzee. Mimi hupiga
pale jicho na kioo vinaposhindwa kunijibu.
Tukiliziba hili, uje nikuchungulie kila nusu mwaka.
Picha, labda miaka miwili. Labda mitatu.
Likiuma kabla, usingoje miaka."

Kisha akamgeukia Letiru, mjukuu wangu,
vidole bado vina mafuta ya kabalagala.
"Huyu, mapema zaidi. Ana matundu mawili tayari,
na jino la mtoto huoza kwa siri,
katikati, linapobanana na jirani yake.
Leo moja. Mwakani tutazame tena.
Yakitulia, tutamwacha apumue."

Kuna aproni ndogo, ya buluu, yenye twiga aliyechakaa.
Nikamfunga kamba mwenyewe, nikazikaza mara mbili.
Nikaambiwa nitoke.
Mimi, niliyeapa tangu Ariwara
kutomwacha mtoto wangu peke yake penye mlio,
nikasimama nje, paji la uso kwenye mbao.

Ukalia. Mmoja.
Nikangoja wa pili.
Haukuja.