Nusu Athari

Niliuliza mto uko wapi.
Bi Ghaniya akacheka hadi akashika ukuta:
"Si umeegesha gari juu yake!"

Na kweli. Changarawe, kopo la soda limebonyea,
mbuzi wawili, na vijana wamesimamisha
mabomba ya plastiki kuwa goli.
Kipa amekaa pale ambapo kwetu Utete
angekuwa amezama na kofia yake.

Mimi mtu wa Rufiji. Naujua mto
kama mtu anavyomjua mkwe mkali:
unasikiliza kwanza amepigaje hodi.
Kwetu mto haugawanywi, hutugawa:
wa ng'ambo hii, wa ng'ambo ile,
na wale ambao hatukuwapata.

Mudhairib, saa nane mchana.
Milima ina rangi ya chungu kilichosahauliwa jikoni.
Nyumba za udongo zimeachama,
na ndani, kwenye kuta, mashubaka
bado yanangoja bilauri zake.
Chini ya yote hayo mitende, kijani cha ghafla,
kama mtu kamwaga rangi akakimbia.

Bi Ghaniya alizaliwa Wete. Kiswahili chake
kimekaa sandukuni miaka hamsini, hakikuchujuka:
bado asema skuli, asema mbatata,
na akikasirika huikasirikia Pemba nzima.
Babu yake aliuza zamu yake ya maji
(si shamba, si nyumba: zamu)
akapata nauli ya kwenda kupanda karafuu.
Mjukuu karudi na masanduku mawili,
akashona kofia, tundu kwa tundu, miaka kumi na mmoja,
mpaka akainunua nusu.
Nusu athari: robo saa ya falaji
kila baada ya siku nane.

Usiku ule zamu iliangukia saa tisa kasorobo.
Akanigusa mguu. "Amka, mgeni. Maji hayanywi kahawa."
Tukapita vichochoro kwa taa ya simu,
kandambili zake zikinitangulia.
Shafiqul, Mbangladeshi wa shamba la jirani,
keshafika, jembe begani, anatazama saa,
maana nyota siku hizi
kamati haiziamini.

Kizibo ni matambara na jiwe.
Bi Ghaniya akaking'oa huku, akakizibia kule.
Sikusikia kitu. Kwanza ilikuja harufu,
vumbi likishtuka,
kisha maji yenyewe, membamba, hayafiki kifundo,
yana adabu, yakaupitia mtende wa kwanza,
wa pili, mndimu,
na kule pembeni vijiti vinane vya muhogo
ambavyo mtaa mzima ulimwambia havitaota.

Nilitaka kusema jambo juu ya Rufiji,
juu ya mwaka ule, na bati tulilolalia,
juu ya bati, siku tatu.
Nikahesabu: zimebaki dakika nne.
Nikavua viatu, nikasimama kando,
nisizibe njia.

Shafiqul akainua mkono.
"Mto ndo huo," akasema Bi Ghaniya
akikamua upindo wa kanzu,
na nyuma yetu robo saa ya mtu mwingine
ilikwisha kuanza.