Ndani ya Besi ya Lucius Tarrant

Iliniletwa Jumanne, ndani ya gari la kubebea maua:
binti yake usukani, besi nyuma imelazwa
kama mgonjwa anayekataa kuitwa mgonjwa.
"Inakoroma," akasema, "kwenye uzi mnene."

Nikapasha kisu moto, nikakipitisha kwenye gundi
pole, pole, hadi kifua kikaachia,
na duka langu likanuka Pittsburgh ya zamani,
sigara na tanuri la chuma.

Vumbi la ndani lilikuwa na rangi mbili.
Jeusi chini: moshi wa baa za Wylie.
Jeupe juu yake: unga wa ulimbo wa upinde.
Maisha ya mtu, tabaka juu ya tabaka,
wala hakuna aliyeyafuta.

Jeusi ndilo la kwanza, maana ukumbi mkubwa ulimkataa.
Alikwenda na barua ya mwalimu, shati limenyooka.
Karani akamtazama, akatazama daftari,
akasema nafasi imejaa.
Gazetini ilibaki wazi wiki tatu.

Basi akapiga jazi, usiku sita kwa juma,
dola nane na sahani ya maharage.
Mwisho wa ubao wa vidole pana bonde,
limechimbwa na kidole cha shahada.
Nimelipapasa. Ngumi ya mtoto ingeweza kulala humo.
Hapana, natia chumvi. Punje ya harage, labda.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu
walipotundika pazia: waamuzi huku, wapigaji kule,
zulia katikati ili kisigino kisiseme ni cha nani.
"Baba alivua viatu hata hivyo," binti ananiambia.
Namba kumi na saba, rudia pale chini.
Rudia tena.
Alidhani wamemtilia shaka.
Walikuwa wanataka tu kusikia.

Miaka ishirini na sita, safu ya nyuma ya okestra;
Jumamosi, tai mfukoni, mbio hadi Wylie.
Kule wakamwambia anapiga kama mtu mwenye pensheni.
Huku wakamwambia anapiga kama mtu anayezuia kicheko.
Mshika mawili, watu husema, moja humponyoka.
Mimi nimeishika shingo hii.
Bonde la kidole lipo. Kiunoni,
mikwaruzo ya upinde nayo ipo.

Kilichokoroma kilikuwa kifungo cheusi cha koti,
kimedumbukia tunduni, hatujui lini.
Binti akakiweka kiganjani, akakigeuza.
"Mama alimgombeza kwa hiki," akasema,
kisha akanyamaza muda mrefu kidogo.

Nikagandisha, nikabana, nikasubiri siku nne.
Yeye hajui kupiga; anauza maua.
Aliporudi aliuvuta ule uzi mnene, mara moja tu,
akaweka shavu kwenye ubao
mpaka mtetemo ukaisha kabisa,
na baada ya kuisha
hakuondoa shavu.