Tumbo la Vangadi

Siku ya nne niko chini ya Vangadi
ya marehemu baba yake Nassor,
na Nassor anapiga simu kutoka Maskati:
"Rangi ya maziwa ishapigwa?"
Bado. Niko chini.
"Chini kuna nini?"

Chini kuna miaka sitini ya hewa ya Wete,
chumvi iliyopanda kutoka bandarini bila nauli,
kutu inayobanduka magamba magamba.
Brashi ya waya, tupa, kisha msasa,
themanini, halafu mia na ishirini,
hadi fremu ikafumbua jicho lake la kijivu
nami nikatema mate mekundu kama mla tambuu.

Wapo wanaopaka juu kwa juu.
Mficha maradhi kilio humuumbua,
lakini fremu hailii.
Hukatika tu, mteremkoni,
watoto wamekaa nyuma.

Springi nimezifungua jani jani,
nikaziegemeza ukutani, refu hadi fupi,
kama ukoo unaosubiri kupigwa picha.
Nafuta kwa tina. Nafuta tena
mpaka kitambaa kitoke cheupe kilivyoingia.
Jasho la kidole kimoja, rangi inasusa.

Ndipo praima, nyekundu ya tofali,
mkono mwembamba, usubiri, mkono wa pili;
mikono ya mbele naitundika kwenye kamba ya nguo.

Bi Mize naye analitaka jua hilohilo.
Jamvi lake la karafuu liko hatua tatu.
"Tina yako hiyo! Shirika watanirudishia gunia."
Na vumbi lako, Bi Mize, linanilalia springini.
Tukagawana ua kwa mstari wa mkaa.

Wingu halikuuona mstari.
Manyunyu ya kwanza, tukakimbia sote:
yeye kabeba springi zangu kwa ncha za kanga,
mimi nimekumbatia jamvi lake.

Usiku, kwa tochi, nikaona kwenye jani la tatu
kikonyo cha karafuu kimenasa ndani ya rangi,
kimetulia kama kwao.
Nilikitazama sana.
Nikakibandua. Chini ya kikonyo maji hupata mlango.
Msasa tena, tina tena, praima tena,
siku nyingine nzima kabla ya nyeusi.

"Bado?" Nassor kauliza.
Bado.
"Safari hii nini?"
Karafuu.

Akanyamaza. Nikasikia magari ya huko yakipita.
Kisha, taratibu,
"Zimezaa mwaka huu?"