Tundu la Mama Nsimire

Hita ilikuja kwa chukudu kutoka Birere,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli, imelazwa chali
kama mgonjwa anayerudishwa kwa dada yake.
Kambere alisukuma, mimi nilitangulia
na keekee begani na paipu ya shaba mkononi.

Mama Nsimire alishachagua mahali:
bafuni, juu ya ndoo, kando ya kioo,
"wageni nao waione."
Bafu la hatua mbili kwa tatu, mlango wa bati,
na kidirisha alichokiziba kwa nailoni
kwa ajili ya baridi ya Julai na vumbi la mlima.

Nikasema, hapana.
Akasema, pesa ni zangu.
Nikasema, pesa ni zako, pumzi ni ya watoto.
Mazuku unayajua, Mama?

Akacheka. "Mazuku yako kule chini, mashimoni.
Mimi nimejenga juu."

Basi nikamweleza.
Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi bila upepo,
mbuzi wa jirani alishuka shimoni kufuata majani,
akapiga magoti, polepole, kama anayesali,
na sala yake haikuisha.
Mdogo wangu Bauma akataka kushuka amtoe.
Nikamkamata kaptula, ikachanika mpaka kiunoni.
Ni baba wa watoto wanne sasa
na bado ananidai ile kaptula.

Moto wa hita, Mama, unakula hewa hiyohiyo
unayoivuta wewe. Ukiufungia ndani
haupigi kelele. Unatoa kitu
kisicho rangi, kisicho harufu,
na anayeoga anasikia kichwa kizito tu,
anasema kazi ya leo imenichosha,
ngoja nikae kidogo hapa chini…

Sikumalizia.
Aliitazama ndoo kwa muda.
"Na kutoboa tundu ni bei gani?"

Tukaitundika nje, ukuta wa barazani.
Jiwe la hapa lilikuwa moto kabla ya kuwa ukuta,
halisahau: lilimeza ncha mbili za keekee,
Kambere akalimaliza kwa patasi, macho yamejaa unga mweusi.
Bomba la moshi tulilipandisha juu ya paa,
mbali na dirisha la chumba cha watoto.
Tundu la hewa tukatoboa bafuni hata hivyo,
maana mimi simwamini mtu na nailoni yake.
Mtungi ukasimama wima, mbali na mfereji,
kwani gesi ya mtungi nayo ni nzito,
hutafuta pa chini, kama deni.

Kambere akatoa kiberiti ajaribu viungo,
ndivyo fundi wake wa kwanza alivyomfundisha.
Nikakitia mfukoni mwangu. Ninacho mpaka leo.
Tulipaka povu la sabuni.
Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya.
Cha tatu, povu moja likavimba taratibu
kama shavu la mtoto anayetunza siri.
Tukakaza. Tukapaka tena. Likalala.

Ndipo nikawasha. Mwali wa buluu, mfupi, usiocheza.
Ukiuona wa njano, nikamwambia, zima, niite,
hata kama ni Jumapili.

"Yaani umenitobolea nyumba," alisema akihesabu noti,
"na mimi ndiye ninayelipa?"

Wiki moja baadaye nilipita.
Tundu limezibwa kwa kipande cha kitenge,
chenye maua mekundu, kizuri kabisa.
"Baridi inaingia," alisema, bila kunitazama.
Nikakichomoa, nikakikunja mara nne,
nikampa. Sikusema neno.
Nilijua nitarudi tena na tena, bila malipo,
kama mkaguzi wa pumzi za watu.

Mwezi wa Agosti nikapita tena.
Waya wa chandarua umepigiliwa juu ya tundu
na chini yake, kwa chaki,
herufi za mtoto, moja imegeuka nyuma:

USIZIBE. MBUZI ANAPUMUA HAPA.

Ndani mtu alikuwa anaoga,
anaimba vibaya sana,
kwa sauti kubwa.